Nzi Niliowakausha Kwenye Kiwanda cha Chai

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ingawa haina uhusiano mkubwa na ninachotaka kukwambia. Ni Jumapili ile jogoo wa baba alipoingia kanisani. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mvua ilikuwa inanyesha, na ukisikia mtu wa Rungwe anasema mvua ilikuwa inanyesha usishangae, huku kwetu hiyo si habari, habari ni jua. Jogoo mwenyewe alikuwa mwekundu, shingo inang'aa kama asali ukiinyanyua kwenye mwanga. Akapita taratibu katikati ya mabenchi kama mzee wa kanisa aliyechelewa, akaruka juu ya meza ya sadaka, na mchungaji wakati huo ndiyo alikuwa anasoma habari za Petro kumkana Bwana wake. Akawika.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama, akaanza kulia, akaungama mbele ya watu wote kwamba ule mkungu wa ndizi uliopotea kwa jirani yake, yeye ndiye aliyeukata. Jirani mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni pake. Baba aliona aibu mpaka akashindwa kuimba. Jioni ile ile akamchinja yule jogoo na kumpeleka kwa mchungaji akiwa amenyonyolewa tayari. Mimi nilimwomba mama ngozi ya shingo tu, na manyoya yake. Nikaipaka majivu, ikakauka, nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukiniuliza kwa nini, sijui. Watoto hutunza vitu.

Lile kopo ndilo lililonipa kazi, miaka mingi baadaye.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, la tano nililiona dirishani tu. Nikaajiriwa kwenye kiwanda cha chai, kazi yangu kushusha magunia ya majani mabichi kutoka kwenye gari. Meneja wa wakati ule alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ugonjwa wa kuvua. Mito inayoshuka kutoka mlimani ina maji baridi ya kuuma mifupa, na ndani yake wamo samaki waitwao trauti, walioletwa zamani na Wazungu wenziwe. Yule mzee hakuwavua kwa minyoo kama sisi. Aliwavua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na uzi mpaka samaki amdhanie mdudu wa kweli. Aliwatengeneza mwenyewe. Siku moja akatoka ofisini analalamika kuwa nondo wamemlia manyoya yake yote. Nikamwambia, bwana, mimi ninayo. Alipofungua kopo langu alikaa chini kwenye ngazi, pale pale penye matope.

Basi akanifundisha. Alipoondoka nchini aliniachia jiriwa yake ndogo ya kubania ndoana, na chupa ya vanishi ya kupaka kichwa cha nzi, iliyobaki kiasi cha vidole viwili. Nataka uelewe hicho kichwa, maana mambo yote ninayosema yako hapo. Ukimaliza kuzungusha uzi, unaufunga karibu na tundu la ndoana. Fundo lile ni dogo kuliko punje ya ulezi. Likifunguka, nzi mzima anafumuka, na samaki anaondoka anakucheka. Kwa hiyo unalipaka kitu cha kulishika na kulizuia lisiingie maji. Kitu gani? Hilo ndilo lililotaka kunipoteza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wewe hukuwepo. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni, mtu unasimama tangu alfajiri unarudi na nusu mche. Mara biashara ikafunguliwa, na soko la Tukuyu likafurika: redio, viatu vya mtumba, mafuta ya nywele, vitu vingine hata wauzaji wenyewe hawakujua vinafanya nini. Sisi vijana tulitembea sokoni Jumamosi nzima kwa kuangalia tu, tunarudi shingo zinauma. Na mashamba nayo yakauzwa. La kwetu likapata wenyewe wapya, na meneja mpya, mtu wa kutoka milima ya Kenya, mpole wa sauti lakini mkavu. Pamoja naye ikaja karatasi kwenye ukuta wa ofisi, ya majina ya watu wasiohitajika tena. Kila wiki karatasi mpya. Wanaume wazima walikuwa wanaisoma kwa kidole, kama watoto.

Jina langu halikuwemo, na sababu ni nzi. Wenye shamba wapya walitaka kuleta wageni wa kuvua trauti, na nzi walihitajika. Meneja alisema hivi, nimeyasikia kwa masikio yangu: "Huyu kijana wa nzi abaki kwanza." Mwanangu, hiyo "kwanza" ilininyima raha. Nilikuwa nimemchumbia Tumpe, binti aliyekuwa akigeuza majani kwenye chumba cha kunyaushia pale pale kiwandani, na baba yake hakuwa mtu wa kumpa binti kijana asiye na kazi. Aliniambia wazi, mdomo umejaa kiazi.

Na vanishi ya mzee ikaisha.

Nikaingia sokoni kutafuta mbadala. Nilianza na solusheni ya kuzibia mipira ya baiskeli. Nzi wangu wakanasana wote wakawa donge moja, nikalitupa na ndoana zake. Nikajaribu gundi ya karatasi ya watoto wa shule. Ile ilikauka vizuri sana, ikapendeza, nikamtumbukiza nzi kwenye bakuli la maji na kabla sijahesabu hamsini gundi ilishakuwa uji. Ndipo nikakumbuka kwamba Tumpe ana kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, alicholetewa na dada yake kutoka mpakani. Alikuwa anakitunza kwa ajili ya harusi. Nilikiazima. Yaani niliona niseme nilikiazima.

"Gwakisa," akaniambia alipojua, "kucha zangu ni kumi. Nzi wako wangapi?"

"Ishirini na nne."

"Na wamependeza?"

Walipendeza siku ya kwanza. Siku ya pili, kwa unyevu wa huku, ile rangi ilipauka ikawa na ukungu mweupe, siku ya tatu ikaanza kubanduka kama magamba.

"Basi siku ya harusi," akasema, "nitawavaa hao nzi vidoleni."

Wanawake wenzake walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Niliondoka pale nikiwa mdogo kama kidonge.

Halafu nikakutana na supa glu. Kijana mmoja sokoni alikuwa anaionyesha watu: anapaka tone moja, anabandika vipande viwili vya chuma, anamwambia mtu avute. Watu wanavuta, wanashindwa, wanapiga kelele. Nami nikavuta, nikashindwa, nikanunua. Mwanangu, niliona nimefika. Tone moja, hesabu tano, kichwa kimekauka kama jiwe. Wakati wa mzee nilikuwa natengeneza nzi mmoja na kumsubiri siku mbili. Sasa nikawa natengeneza hata thelathini kwa siku, natembea kiwandani kifua mbele. Fundo la mwisho niliacha kulifunga sawasawa. La nini? Gundi ipo.

Uzi mwembamba wenye nguvu nilikuwa nanunua kwa Mzee Shabani, fundi wa miavuli, pale mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu. Mahali penye mvua kama hapa, fundi wa miavuli ni mtu mkubwa, mimi namweka sawa na mganga mkuu. Alikuwa Mwislamu mwembamba, kofia yake safi siku zote, na dukani kwake miavuli inaning'inia darini imefunga mabawa kama popo. Siku ile nilimwonyesha nzi wangu kwa majivuno. Alimchukua, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye manyoya.

"Huyu ni mdudu?" akauliza.

"Ndiyo mzee. Wa samaki."

"Mbona ana mbavu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Gundi ile ilikuwa imepanda kwenye manyoya, ikayagandisha, yakawa makavu kama sindano. "Kijana wangu," akasema, "kitu chako kinatakiwa kucheza majini. Wewe umekitengeneza kikae mfukoni mwa muuzaji. Umekipima kwenye maji?"

"Nimekivuta kwa mkono, hakikuachia."

"Sikukuuliza mkono."

Nikasema moyoni, huyu mzee wa miavuli anajua nini kuhusu trauti. Nikalipa uzi wangu nikaondoka. Usijidanganye kwamba nilikuwa na adabu wakati ule. Nilisema shikamoo vizuri, basi, adabu ikaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata meneja akanichukua mtoni awajaribu nzi wangu mwenyewe kabla wageni hawajaja. Nzi wa kwanza, tundu la ndoana lilikuwa limeziba kwa gundi, mshipi haupiti. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akapita, lakini alipotua majini hakuelea kama mdudu, alijizungusha na kuusokota mshipi wote. Wa nne ndiye aliyeniua. Samaki mkubwa alimrukia, mwili wote nje ya maji, nami nikapiga kelele ya furaha kabla ya wakati. Gundi ile kwenye baridi ilikuwa imekauka mno, ikapasuka. Fundo chini yake nilikuwa sijalifunga, nimekwambia. Meneja alivuta ndoana tupu, na uzi mrefu unapepea nyuma yake kama mkia wa kishada.

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alikusanya vifaa vyake akasema, "Kuna bwana mmoja wa Dar anauza nzi wa kutoka nje, kwenye sanduku. Anakuja Jumamosi ijayo. Nitavua na wake, nitavua na wako. Atakayeshindwa, nitamwambia ahsante." Ahsante ya meneja yule tuliijua wote. Ilikuwa inabandikwa ukutani.

Nilishuka Tukuyu kesho yake, mvua inanipiga, mpaka nyumbani kwa Mzee Shabani. Nilikuwa nimejiandaa anicheke. Alinipa kiti na chai.

"Nimeshindwa mzee. Naomba unionyeshe gundi unayotumia kwenye miavuli."

"Sikuonyeshi."

Nikadhani ananilipiza kisasi.

"Nifungie nzi mmoja hapa," akasema, "bila gundi yoyote. Halafu nipe mimi."

Nilikuwa nimekuja na jiriwa. Nikafunga. Akachukua koleo, akavuta uzi, nzi akafumuka. Akaniambia nifunge mwingine. Akavuta, akafumuka. Nilifunga nzi tangu asubuhi mpaka wito wa sala ya alasiri, na yule mzee akawafumua wote, polepole, kama mtu anayechambua mchicha. Katikati akanipa kipande cha nta ya nyuki, akaniambia nipitishe uzi hapo kabla ya kufunga, kama anavyofanya yeye anaposhona kitambaa cha mwavuli. "Mwavuli hauvuji kwenye kitambaa," akasema. "Unavuja kwenye tundu la sindano. Uzi wenye nta unajaza tundu lake wenyewe." Nikapitisha nta. Uzi ukashika uzi, hautelezi tena. Fundo la mwisho nikalizungusha mara saba, siyo mara mbili. Alivuta. Alivuta tena, akakunja uso. Ndoana ikapinda, nzi hakufumuka.

Alimweka mezani, akanyoosha mgongo. "Huyu ameshamaliza kazi yake bila gundi. Sasa tunaweza kuongea habari za gundi."

Na alichotoa, mwanangu, hakikuwa cha ajabu wala cha kutoka ng'ambo. Ni vanishi ya seremala, ile ya kupaka meza, imechanganywa na tapentaini mpaka iwe nyepesi kama maji ya mchele. Unachukua ncha ya sindano, unagusa kichwa cha nzi, tone linazama lote ndani ya uzi. Kesho yake unapaka la pili, zito kidogo, la kung'arisha. Kisha unapitisha unyoya kwenye tundu la ndoana kabla halijaziba. Haiharibu manyoya, haipasuki, inapinda na ndoana inapopinda. "Ile ya kwako ya haraka siyo mbaya," akasema. "Jana imenibandikia sufuria. Lakini sufuria haiogelei."

Nikapita kwa seremala kuomba vanishi kidogo, nikarudi nyumbani naruka madimbwi. Jumatatu nilifunga nzi kumi na wawili, na Jumanne nikawapaka. Kumbe shida yenyewe ilikuwa bado.

Wewe umezaliwa huku, unajua sisi tunavyokausha vitu. Mahindi, kuni, maharage, nguo za mtoto, viatu vya kanisani, kila kitu kinapanda darini juu ya jiko, moshi unakifanyia kazi. Mvua haikukatika tangu Jumapili, na vanishi haikauki kwenye hewa unayoweza kuikamua. Siku zilikuwa zinakwenda. Nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya na bibi yangu angefanya: nikawaning'iniza nzi wangu juu ya jiko, katikati ya mahindi.

Jumatano asubuhi walikuwa wamekauka. Wanang'aa, rangi nzuri ya kahawia. Nikamsifu Kyala, Mungu wetu. Halafu nikabonyeza kichwa cha mmoja kwa ukucha, na ile ngozi ya juu ikateleza kama utando wa maziwa, chini yake bado mbichi, na masizi yameingia humo humo. Na manyoya yalikuwa yameshika mafuta ya moshi, ukimweka majini anazama na kuacha duara la mafuta. Nikambonyeza wa pili. Nikawabonyeza wote kumi na wawili. Kisha nikakaa juu ya gunia la mkaa, na sitakuficha, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kiazi.

Nikafunga wengine siku ile ile, kumi na wawili, vidole vinawaka. Nikawapaka vanishi nyepesi. Alhamisi nikaenda nao kiwandani ndani ya kikapu kwa sababu niliogopa kuwaacha nyumbani, nikawa nakwenda kuwatazama kila baada ya gunia, bado wananata kama asali. Tumpe akaniona.

"Unafuga nini humo, vifaranga?"

Nikamweleza. Nilitegemea anicheke kwa habari ya jiko. Hakucheka. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayetafuta kofia aliyoivaa.

"Gwakisa. Mimi nafanya kazi gani hapa?"

"Unageuza majani."

"Yanakaushwa kwa moshi?"

Mwanangu, ngoja nikueleze kile chumba, maana nakipenda mpaka leo. Majani mabichi yanapofika yanamwagwa kwenye mabeseni marefu yenye wavu chini, na feni kubwa zinapuliza upepo wa vuguvugu kutoka chini kwenda juu, mchana kutwa, mpaka majani yanalegea. Wilaya nzima imelowa, watu wanaota ukungu, na ndani ya chumba kile upepo ni mkavu, wa vuguvugu, msafi, hauna chembe ya moshi. Nilikuwa nikipita hapo kila siku nimebeba magunia, nikisikia raha mgongoni, na sikuwahi kufikiri.

"Beseni la mwisho liko tupu," akasema. "Kwa mvua hii wachumaji hawajajaza. Waweke hapo. Lakini usithubutu kusogea na vichupa vyako karibu na majani, chai inanusa kila kitu. Mwaka juzi mtu alikula samaki mkavu pale mlangoni tukatupa beseni zima."

Nikawachomeka kwenye kipande cha mgomba, tukakiweka juu ya wavu wa beseni lile tupu. Wale wanawake wakaja kuwaangalia mmoja mmoja. Wakawapa majina. Kulikuwa na nzi anaitwa Mchungaji, kwa sababu ya tumbo lake. Ijumaa nikawatoa nje, nikawapaka vanishi mara ya pili. Jumamosi asubuhi Tumpe akambonyeza mmoja kwa ukucha wake, ule usio na rangi, akabonyeza kwa nguvu zote, kisha akanipa kipande cha mgomba bila kusema neno. Kichwa kilikuwa kigumu na laini kwa pamoja, kama kokwa ya kahawa iliyosuguliwa.

Bwana wa Dar alikuwa ameshafika mtoni. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, na njia ya kule unaijua. Sanduku lake lilikuwa la plastiki angavu, na nzi humo ndani wamepangwa kwa rangi, wanameta mpaka nikaona wangu ni kama wamevaa mitumba. Akachungulia kwenye mgomba wangu.

"Kijana, hayo manyoya unayaagiza wapi?"

"Kwa jogoo."

"Jogoo wa nyumbani?"

"Wa nyumbani, bwana. Lakini alikuwa anasali."

Wafanyakazi waliokuja kutazama wakaangua kicheko, naye akacheka pia, hakuwa mtu mbaya. Meneja akaanza na nzi wa yule bwana. Mara ya kwanza kutupa, samaki. Bwana yule akapiga kofi moja, akaniangalia. Wa pili. Wa tatu. Mimi nimesimama ukingoni, naiona ile karatasi ukutani na jina langu juu yake. Lakini baada ya samaki wa tatu nilimwona meneja anaangalia ndoana kwa karibu. Uzi ulikuwa umeanza kutoka. Akabadilisha nzi, wa pili naye akadumu samaki wawili. Wa tatu akaachia kwa samaki wa kwanza, na samaki akaenda zake.

"Leta wako."

Nikampa Mchungaji. Akamtupa mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikafumba macho, na niliposikia watu wanapiga kelele sikuyafumbua, niliogopa. Yule trauti alikuwa na urefu wa mkono mpaka kiwiko. Wa pili akaja, wa tatu, wa nne. Meneja hakubadilisha nzi. Wa sita, wa saba, nzi ni yule yule, manyoya yamelowa, yakitikiswa mara mbili yanasimama tena yanacheza. Ule ukavu wa meneja ulianza kuyeyuka. Alikuwa anacheka peke yake ndani ya maji, suruali imelowa mpaka mapajani. Alipofika samaki wa kumi na moja akasema mkono umechoka.

Akatoka majini, akachukua koleo, akambana nzi wangu, akavuta. Niliwahi kuona mtu akivuta hivyo. Ndoana ikapinda.

"Vanishi hii nani anakupa?"

"Seremala, bwana."

"Na kufunga hivi?"

"Fundi miavuli."

"Na kukausha, kwa mvua hii?"

"Tumpe wa chumba cha kunyaushia."

Watu walipiga vigelegele. Meneja akaniambia, "Jumatatu njoo ofisini, uchague chumba cha kufanyia kazi. Na utafute watu wawili uwafundishe." Mimi niliyekuwa nasubiri kuambiwa ahsante. Wenzangu wakaninyanyua, wakanizungusha, mtu mmoja akaimba wimbo wa ngoma ambao hata hauhusu samaki. Kumi na moja, mwanangu. Nzi mmoja.

Bwana wa Dar aliliweka sanduku lake juu ya jiwe, limefunguliwa, mvua inaingia. Akasema anakwenda kwenye gari kuchukua mwavuli. Tukamwona anapanda kijia katikati ya chai, viatu vyake vimeshakuwa vyekundu, hageuki nyuma. Hakurudi tena.

Sasa nisikilize, maana nimekuzungusha sana. Ukipewa kazi ya mikono, ya nzi au ya nyumba au ya kulea mtoto, anza kwa kuifunga isimame bila gundi. Vuta kwa koleo. Ikifumuka ifunge tena, usiifiche kwa kitu cha kung'aa. Kitu kipya kikija sokoni kinunue, sikukatazi, mimi mwenyewe sikuweza kujizuia, lakini kipime mahali kitakapofanyia kazi, kisikudanganye mkononi. Ifahamu pia hewa ya kwenu: kilichowafaa bibi zako kwa mahindi huenda kisifae kwa kitu chako, na dawa yake inaweza kuwa kwenye chumba unachopita kila siku umebeba gunia. Na mtu akikuuliza swali linalokuudhi, rudi ukamjibu kabla ya Jumamosi.

Kyala aibariki mikono yako. Akupe macho ya kuona uzi mwembamba hata ukizeeka kama mimi, akupe mtu wa kukwambia ukweli ukiwa bado na wiki moja, na siku yako ya kupimwa ikifika, fundo lako lishike mpaka ndoana ipinde. Ndaga fijo, asante sana, kwa kukaa nami.